Cape Town, Mji Uliogawa Mandhari Yake

Kizuri chajiuza, na Cape Town imekuwa ikijiuza kwa muda mrefu. Hata mtu ambaye hajawahi kuvuka Mto Ruvuma anaijua picha yake: mlima uliokatwa bapa kileleni, ghuba ya maji ya bluu chini yake, na mji uliobanwa katikati. Wageni humiminika kutoka Ulaya na Marekani na, siku hizi, kutoka Dar es Salaam na Nairobi pia, na wengi hurudi makwao na picha zilezile: kilele cha Table Mountain, pengwini wa Boulders, ufukwe wa Clifton wakati wa machweo. Picha hizo hazina ubaya. Lakini anayeridhika nazo ameuona mji nusu, kwa sababu mandhari ya Cape Town haikupangwa na maumbile peke yake. Mlima na bahari vilikuwepo. Nani aishi akivitazama, nani aogelee wapi, na nani asukumwe mbali navyo, hayo yaliamuliwa na watu, yakaandikwa katika sheria na kutekelezwa kwa matingatinga. Uzuri wa mji huu ni mgawo. Uligawiwa watu kwa vipimo visivyo sawa, na mgeni anayeutazama kwa jicho hilo hapotezi starehe yake. Anapata mji mzima.

Tuanze na maumbile yenyewe, maana ndiyo yaliyoweka msingi. Table Mountain ina kimo cha zaidi ya mita 1,080 kutoka usawa wa bahari, na ukingo wake bapa unaoukabili mji una urefu wa kilomita 3 hivi. Katika kiangazi cha huko, kuanzia Novemba hadi Februari, upepo mkali huvuma kutoka kusini-mashariki. Msomaji wa pwani aliyezoea kusi na kaskazi ataelewa haraka kinachotokea: upepo huzoa unyevu kutoka ghuba ya False Bay, hugonga milima, hupanda, na unyevu hugeuka wingu. Wingu hilo hufunika kilele chote, kisha humwagika upande wa mji na kuyeyuka kabla halijafika chini. Wenyeji huliita kitambaa cha meza, na upepo wenyewe waliupa cheo cha daktari kwa kuamini kwamba husafisha hewa ya mji. Unapozidi, magari ya nyaya yanayopandisha watu kileleni tangu mwaka 1929 husimamishwa, hata kama jua linawaka. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa mgeni ni huu: siku ya kwanza mlima unapokuwa wazi na upepo umetulia, panda. Ukiuweka kiporo, huenda ukaondoka bila kuufikia.

Upepo huo haumpigi kila mtu sawasawa. Fukwe nne za Clifton zimekingwa na mlima wa Lion's Head, kwa hiyo siku ambayo mchanga unarushwa machoni kwingineko, pale hewa imetulia. Upande wa mashariki wa milima kuna uwanda mpana wa mchanga uitwao Cape Flats, na huko hakuna kinga. Kiangazi upepo hupeperusha mchanga hadi ndani ya nyumba. Majira ya baridi, kati ya Juni na Agosti, mvua hunyesha na maji hutuama, kwa sababu maji ya chini ya ardhi yako karibu na uso. Bahari nayo ina pande mbili. Upande wa Atlantiki upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kwenda mbali na ufukwe, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Mtu aliyezoea kuogelea Coco Beach au Nyali ataingia Clifton na kutoka mbio. Upande wa False Bay, kama vile Muizenberg, maji huwa na afadhali, na ndiko wanaojifunza kuteleza juu ya mawimbi wanakoanzia. Maumbile, basi, yaliweka viti vizuri na viti vibaya katika ukumbi mmoja. Kilichofuata ni watu wenye nguvu kuwapangia wenzao pa kukaa.

Mpaka wa kwanza uliowekwa unaweza kuguswa kwa mkono hadi leo. Mwaka 1652 Jan van Riebeeck alitua hapa kwa niaba ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, akiwa na kazi ya kuanzisha kituo cha kuzipatia meli maji, mboga na nyama zikiwa njiani kwenda Asia. Mboga zilipandwa katika bustani ambayo bado ipo katikati ya mji, Company's Garden. Nyama ilitoka kwa Wakhoikhoi, wafugaji waliokuwa wakichunga ng'ombe na kondoo kwenye malisho hayo tangu enzi za mababu zao. Walipoona malisho yakilimwa, walipigana. Shajara ya van Riebeeck mwenyewe inasimulia kwamba katika mazungumzo ya amani ya mwaka 1660 waliuliza kama wao wangeenda Uholanzi wangeruhusiwa kufanya vivyo hivyo. Jibu walilopewa ni kwamba ardhi imekwisha kuchukuliwa kwa vita. Mwaka huohuo ulipandwa ua wa milozi mwitu ili kuitenga ardhi ya Kampuni na Wakhoikhoi pamoja na mifugo yao.

Sehemu ya ua huo ingali hai katika bustani ya mimea ya Kirstenbosch, kwenye mteremko wa mashariki wa mlima. Matawi mazito yamelala chini, yakasukana na kuchipua tena, hata ni vigumu kusema mti mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Bustani yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya mimea ya asili, ni ya kutembelewa kwa haki yake. Kona hii ya kusini-magharibi mwa Afrika ina aina zipatazo 9,000 za mimea, na takribani asilimia 70 kati yake hazioti kwingine popote duniani kwa asili. Nyingi ni vichaka vya majani magumu viitwavyo fynbos, vinavyohitaji moto kila baada ya miaka kadhaa ili mbegu zake ziamke. Mgeni anaweza kukaa nusu siku akitazama maua ya protea na asijue kwamba kichaka kilicho pembeni ni ukuta wa mkoloni. Huo ni mfano mzuri wa hoja yetu: katika Cape Town kitu kinachopendeza na kitu kilichotenga watu mara nyingi ni kilekile, wala hakuna haja ya kukipunguzia uzuri wake ili kuukubali ukweli wake.

Kituo cha Kampuni kilihitaji mikono, na mikono ikanunuliwa. Kati ya mwaka 1652 na 1808 watumwa wapatao 63,000 waliletwa kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Madagaska, na pwani ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Hapa ndipo habari ya mji huu inapomgusa msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Tarehe 27 Desemba 1794, São José, meli ya Kireno iliyokuwa imetoka Kisiwa cha Msumbiji kuelekea Brazili ikiwa na watumwa zaidi ya 400, ilivunjika kwenye miamba mbele ya Clifton. Zaidi ya 200 walikufa maji, na walionusurika wakauzwa hapohapo. Mwaka 2015, baada ya watafiti kuyatambua mabaki ya meli hiyo, wapiga mbizi walishuka na kumwaga mahali pale udongo ulioletwa kutoka Msumbiji. Leo nyumba zinazotazama maji hayo ni miongoni mwa nyumba ghali kabisa barani Afrika. Green Point, si mbali na hapo, wajenzi waliokuwa wakichimba msingi wa jengo la makazi mwaka 2003 walikuta mifupa ya watu, na hesabu yake ikapita miili 2,500. Wanaaminika kuwa watumwa, mabaharia na mafukara waliozikwa nje ya makaburi rasmi. Jengo lilimalizwa; mifupa ikahamishiwa katika nyumba ya kumbukumbu jirani, Prestwich Memorial, ambayo watu wengi hupita mlangoni mwake bila kuingia.

Waliotoka katika utumwa hawakuacha mifupa tu. Kwenye mteremko wa Signal Hill kuna Bo-Kaap, mtaa wa nyumba za rangi kali unaopigwa picha kuliko mtaa mwingine wowote mjini. Msikiti wa Auwal ulioko hapo, ulioanzishwa mwishoni mwa karne ya 18, ndio wa kwanza nchini Afrika Kusini. Imamu wake wa kwanza, Abdullah Kadi Abdus Salaam, maarufu kwa jina la Tuan Guru, alikuwa mwanachuoni kutoka Tidore aliyefungwa na Waholanzi katika Robben Island, na aliandika msahafu mzima kwa hifadhi ya moyoni. Katika karne ya 19 madrasa za Waislamu wa mji huu zilifundisha dini kwa Kiafrikana kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo pwani ya Waswahili ilikuwa ikilifanya kwa Kiswahili kwa muda mrefu. Baadhi ya maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiafrikana, lugha ambayo baadaye watawala wa ubaguzi waliifanya silaha, yaliandikwa kwa njia hiyo na wajukuu wa watumwa. Wakazi wa Bo-Kaap sasa wanapambana na bei za nyumba zinazopanda kwa sababu ya umaarufu huohuo, na mwaka 2019 serikali ya mji iliuwekea mtaa huo ulinzi wa kisheria kama eneo la urithi.

Mgawo mkubwa kuliko yote ulikuja katika karne ya 20. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliipa serikali mamlaka ya kuamua mtu wa rangi gani aishi mtaa gani. District Six ulikuwa mtaa ulio chini ya mlima, karibu na bandari, wenye mchanganyiko wa watu: vibarua wa bandarini, mafundi cherehani, wanamuziki, wenye maduka, Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Watu wake walikuwa maskini, lakini walikuwa na vitu viwili ambavyo tajiri wa leo hulipia fedha nyingi: ukaribu na kazi, na mlima mbele ya mlango. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ilitangaza kuwa ni eneo la Wazungu peke yao. Zaidi ya watu 60,000 waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa. Nyumba za ibada ndizo zilizoachwa zimesimama kwenye uwanja mtupu. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikaa bila kujengwa kwa miongo mingi, kwa kuwa watu walipinga asijenge mtu juu ya maumivu yao, na kazi ya kuwarudisha waliofukuzwa imekwenda kwa mwendo wa kinyonga hata baada ya utawala wa ubaguzi kukoma mwaka 1994.

Makumbusho ya District Six, yaliyofunguliwa Desemba 1994 katika lililokuwa kanisa la Wamethodisti kwenye barabara ya Buitenkant, ni mahali ambapo mgawo huo unaonekana kwa macho. Sakafu imefunikwa na ramani kubwa ya mitaa iliyofutwa. Waliofukuzwa walipofika walipiga magoti na kuandika kwa mikono yao: hapa ilikuwa nyumba ya fulani, hapa palikuwa na kinyozi, hapa tulikuwa tukichezea. Juu yake yananing'inia mabango halisi ya majina ya mitaa, ambayo mmoja wa wasimamizi wa ubomoaji aliyahifadhi badala ya kuyatupa pamoja na kifusi. Ukitoka nje ya jengo hilo na kugeuza shingo, mlima uko palepale ulipokuwa. Hakuna kilichobadilika katika mandhari isipokuwa watu wanaoruhusiwa kuamka nayo.

Walipelekwa wapi? Kwenye mchanga wa Cape Flats: Hanover Park, Manenberg, baadaye Mitchells Plain. Waafrika walikuwa wametangulia kutengwa. Langa, kitongoji chao kikongwe kuliko vingine vilivyopo, kilianzishwa mwaka 1927, na Khayelitsha, uliokuwa mradi wa mwisho mkubwa wa kuwaweka mbali, ulianza katika miaka ya 1980. Tarehe 30 Machi 1960 watu wapatao 30,000 walitembea kutoka Langa hadi katikati ya mji kupinga sheria ya pasi, wakiongozwa na kijana wa miaka 23, Philip Kgosana. Njia waliyopita kwa miguu ndiyo ambayo maelfu hupita kila alfajiri kwa mabasi madogo, ndugu wa daladala na matatu, kwenda kufagia, kupika na kulinda katika mitaa yenye mandhari. Hata mchanga wa ufukweni uligawiwa. Kwa sheria ya mwaka 1953 fukwe nzuri ziliwekewa vibao vya Wazungu pekee, na ilifika mwaka 1989, baada ya waandamanaji kuingia kwa nguvu katika fukwe zilizokatazwa, ndipo serikali ikaachia.

Ushahidi mwingine uko ng'ambo ya maji. Nelson Mandela alitumia miaka 18 kati ya miaka yake 27 ya kifungo katika Robben Island, kuanzia mwaka 1964 hadi 1982. Kisiwa kiko karibu kiasi kwamba mlima wote huonekana kutoka ufukweni mwake, na wafungwa waliovunja mawe katika machimbo ya chokaa, wakiumizwa macho na mng'ao wa jua, waliutazama kila siku wasiweze kuufikia. Pengine hakuna mahali pazuri zaidi pa kuiona Table Mountain yote kwa mkupuo mmoja kuliko jela hiyo. Kisiwa kilifanywa makumbusho mwaka 1997 na kikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Boti huondoka V&A Waterfront, na waliokuwa wafungwa wa kisiasa wamekuwa wakiwatembeza wageni ndani ya gereza. Kadiri wazee hao wanavyopungua, nafasi ya kusikia simulizi kutoka kwa aliyelala katika seli hizo inazidi kuwa finyu. Tiketi hununuliwa mapema, kwa maana boti hujaa, na bahari ikichafuka safari huahirishwa.

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya kale, sheria hizo zilifutwa. Ni kweli zilifutwa, na ni haki kuyataja yaliyobadilika: mtu yeyote anaweza kununua nyumba popote, kuogelea popote, kusoma popote. Lakini sheria ikifutwa, nyumba hazihami zenyewe. Ukame wa 2015 hadi 2017 ulilionyesha hilo. Mwanzoni mwa 2018 mji ulikuwa karibu kuishiwa maji. Kila mtu alitakiwa kutumia lita 50 tu kwa siku, na zikapangwa foleni za kuchota lita 25 kwa kichwa endapo mabomba yangefungwa. Katika mitaa ya mlimani, yenye mabwawa ya kuogelea na bustani, ilikuwa dharura isiyowahi kuonekana. Katika vibanda vya mabati vya Cape Flats kubeba ndoo kutoka bomba la pamoja kulikuwa maisha ya kila siku. Siku ya kufunga mabomba haikufika, kwa sababu wakazi walipunguza matumizi kwa kiasi kikubwa na mvua zikarejea. Tukio hilo linafundisha mambo mawili kwa pamoja: mgawo wa zamani bado upo, na mji ukiamua, unaweza kugawana upya.

Pingamizi la pili ni la mtu aliyechoka na kazi. Likizo ni likizo, atasema. Nimedunduliza mwaka mzima nipumzike, si kuhani msiba wa watu. Hoja hii ina uzito, na sidhani kuna anayepaswa kuona haya kwa kufurahia samaki wa kukaanga Kalk Bay au zabibu za Constantia. Ila inachukulia kwamba kujua kunapunguza raha, na Cape Town inaonyesha kinyume chake. Barabara ya Chapman's Peak, iliyochongwa ubavuni mwa jabali kati ya 1915 na 1922, haipungui uzuri kwa kujua historia ya mji inaouzunguka. Pengwini wa Boulders, waliohamia ufukwe huo mwaka 1982, huvutia zaidi ukijua kwamba jamii yao imeingizwa katika kundi la wanyama walio hatarini mno kutoweka. Wala huu si uzuri wa mkakasi ambao ndani ni kipande cha mti. Uzuri ni wa kweli nje na ndani, na ndiyo sababu ulipiganiwa.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wenye nia njema. Kuwapeleka wageni Langa au Khayelitsha ndani ya basi lenye kiyoyozi, wakipiga picha watoto dirishani, ni kuufanya umaskini bustani ya wanyama. Sawa kabisa. Lakini jibu la ziara mbaya ni ziara nzuri. Kutokwenda kabisa huuacha mpaka wa zamani mahali pake, mgeni akizunguka ndani ya maeneo yaleyale yaliyotengwa kwa Wazungu enzi za ubaguzi, na fedha yake ikibaki humo. Tofauti iko katika nani anaongoza, nani analipwa na unakwenda kufanya nini. Nenda kwa miguu na mwongozaji anayeishi hapo, kula katika mgahawa wa hapo, nunua kazi ya fundi wa hapo, sikiliza muziki, uliza kabla ya kupiga picha. Kitongoji kina makanisa, saluni, shule na wachoma nyama Jumapili; anayekwenda kutafuta huzuni tu atakuwa amekosea kama aliyekaa Waterfront.

Usalama nao usifichwe. Cape Town ina uhalifu mwingi, na sehemu kubwa ya mauaji hutokea katika vitongoji vya Cape Flats vinavyosumbuliwa na magenge, mbali na macho ya watalii. Mgeni ni kuku mweupe: hujulikana kwa kutazama huku na huku na simu mkononi. Asipande mlima peke yake, asitembee usiku katika mitaa asiyoijua, na aingie vitongojini na mwenyeji. Njia ya Platteklip, inayopanda moja kwa moja kupitia korongo la mbele ya mlima, haitozwi kiingilio, lakini ni ya ngazi za mawe zisizo na huruma, na hali ya hewa hugeuka ghafla. Maji, kofia na koti ni lazima hata kama asubuhi ilikuwa ya joto. Raia wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakiruhusiwa kuingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi, Wakenya tangu Januari 2023, ila masharti hubadilika na ni busara kuhakikisha kabla ya kununua tiketi, pamoja na sharti la cheti cha homa ya manjano.

Kuhusu mpangilio, siku ya kwanza tulivu iwe ya mlima, kwa sababu kutoka juu ramani nzima inaonekana: ghuba na kisiwa kaskazini, mji chini ya miguu, na uwanda wa Cape Flats ukienea mashariki hadi milima ya mbali. Kisha Company's Garden, Slave Lodge iliyojengwa mwaka 1679 kuwaweka watumwa wa Kampuni, Bo-Kaap na District Six. Maeneo haya yote yako katikati ya mji na hufikika bila kukodi gari. Robben Island ichukue nusu siku, na Langa nusu nyingine. Kirstenbosch, Boulders na Cape Point, rasi ambayo wengi huidhania kuwa ncha ya kusini ya Afrika ilhali ncha hiyo ni Cape Agulhas iliyo mbali zaidi kusini-mashariki, zifuate baada ya hapo. Aliyeanza na mji atazitazama fukwe kwa macho mengine.

Libaki pingamizi moja, ambalo Mswahili hawezi kulikwepa. Kwa nini tuwakague wa Cape Town, wakati Zanzibar kanisa kuu la Mkunazini limesimama palipokuwa na soko la watumwa, na watalii hupita Mji Mkongwe wakinunua viungo? Hoja hiyo inaunga mkono nilichokisema. Pwani yetu nayo inagawiwa. Tanzania ina sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayoweka mita 60 za akiba kutoka ukingo wa bahari, na bado si kila ukuta wa hoteli unaiheshimu. Kenya ina mabishano ya miaka mingi juu ya njia za umma za kwenda ufukweni. Afrika Kusini iliandika ubaguzi wake katika sheria, ikaweka vibao, na kwa hiyo ni rahisi kuuona na kuupinga. Kwetu ugawaji hufanywa kwa hatimiliki na bei, kimyakimya, na huitwa maendeleo. Nauli ya kwenda Cape Town si ndogo, na anayerejea akiuliza Kigamboni au Diani ni nani aliyekuwa akivua samaki hapa kabla ya ukuta huu, amehamia wapi, na anapita wapi sasa kufika majini, hatakuwa ameitupa.